Mnyama wa kwanza: tuache kubishana kuhusu mila, tuangalie nani analipwa

Mei 2023 pale Kenya, karibu na Amboseli, aliuawa simba dume mmoja anaitwa Loonkito, mzee wa miaka 19 hivi, umri ambao simba dume wa porini karibu hawaufikishi. Alitoka nje ya hifadhi usiku akaingia kijiji cha Olkelunyiet kutafuta mifugo, wenye boma wakamchoma mikuki. Siku chache baadaye simba wengine 6 wakauawa upande wa Mbirikani baada ya kula mbuzi 11 na mbwa mmoja, wiki hiyo hesabu ikafika simba 10. Watu wakaanza ule ugomvi wa kila siku, hawa wanasema Wamasai waache ushenzi huu ni mwaka gani, wale wanajibu hii ni mila yetu, babu zetu walikuwa wanamuua simba ndio wanaitwa wanaume, msituletee ya kizungu. Na mimi nasoma nasema lakini jamani mbona hakuna mila yoyote hapo? Hapo ni mfugaji kapata hasara usiku kakasirika, basi. Hakuna morani aliyekuwa anatafuta jina, hakuna wimbo, hakuna aliyevalishwa kitu.

Nimeanza na hiyo kwa sababu tukiongelea hizi taratibu za kumpokea mwindaji baada ya kuua mnyama wake wa kwanza huwa tunaweka kila kitu kapu moja, Mhadzabe wa Yaeda, morani wa Kajiado, Msukuma wa Katavi, mtoto wa tajiri wa Uingereza anayepakwa damu ya mbweha, wote "mila ya kuua wanyama", halafu tunagawana pande mbili za kupenda na kuchukia. Mimi naona swali la maana ni moja tu: hiyo taratibu inamlipa nani, na inamlipa kwa kitu gani. Ukishalijibu hilo utaona nyingine zinamshusha mwindaji badala ya kumpandisha, nyingine zinampandisha mpaka anaanza kutafuta mnyama ambaye hajamkosea mtu.

Tuanze na Wahadzabe maana wao ndio wanashangaza zaidi. Wako kuzunguka Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, watu kama elfu moja na kidogo tu, na kati ya hao wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi na kurina asali kwa kiasi kikubwa ni mia chache. Kijana akiwa mdogo anapiga ndege, pimbi, digidigi, hiyo ni kawaida hakuna anayeshtuka. Siku akiangusha mnyama mkubwa, tuseme pofu au nyati au twiga, kwa upinde na mshale wenye sumu ya mti, hapo ndipo mambo yanabadilika, anaingizwa kwenye kundi la wanaume wa epeme. Na epeme ni kitu kizito sana kwao. Kwenye kila mnyama mkubwa kuna sehemu zake, moyo, figo, mapafu, ulimi, sehemu za siri na mafuta fulani, hizo ni nyama ya epeme, wanakula wanaume walioingizwa peke yao pembeni kwa siri, mwanamke haruhusiwi hata kuona wanavyokula, mtoto haruhusiwi, kijana ambaye hajaingia haruhusiwi. Halafu kuna ngoma yenyewe inaitwa epeme hiyo hiyo, inachezwa usiku ambao mwezi haupo kabisa na moto umezimwa, mwanaume mmoja mmoja anatoka na manyoya kichwani, njuga miguuni, kayamba la kibuyu mkononi, wanawake wanamwimbia gizani.

Sasa angalia huyu kijana analipwa nini. Anapata haki ya kula figo na moyo pamoja na wenzake, na anapata heshima ya kucheza usiku ule. Mnyama aliyemuua yeye sio wake. Nyama iliyobaki inaenda kambini inagawanywa kwa watu wote, hana uwezo wa kusema huyu mpe huyu mnyime. Tena hata majigambo hana, mwanaanthropolojia James Woodburn aliyekaa nao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alieleza kwamba mwindaji aliyefanikiwa anarudi kambini anakaa kimya tu na wanaume wenzake, anaacha damu iliyoko kwenye mshale ndio iseme. Fikiria kijana wa siku hizi kaua nyati halafu anakaa kimya! Sisi mtu akinunua pikipiki ya mkopo mtaa mzima unajua kabla hajafika nyumbani.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, kwamba yule ambaye bahati haikumwangukia, miaka inaenda hajaua mnyama mkubwa, haachwi nje milele. Akifika umri wa makamo, miaka thelathini na kitu hivi, anaingizwa tu. Kwa hiyo kuna mlango wa kwanza wa kuua na mlango wa pili wa umri. Hii ni akili sana ukifikiria, maana kijana hana sababu ya kwenda kujiua kwa nyati ili tu aonekane mwanaume, akisubiri ataingia.

Wale Wajuǀʼhoansi wa Kalahari, mpakani mwa Namibia na Botswana, wana mpango unaofanana lakini wao wanaandika kwenye ngozi. Mvulana akiua mnyama mkubwa wa kwanza anachanjwa chale, mikononi, kifuani, mgongoni, katikati ya nyusi, anapakwa dawa ya mkaa iliyochanganywa na mafuta ya yule mnyama, na inafanyika mara mbili, akiua dume wa kwanza anachanjwa upande wa kulia, akiua jike wa kwanza upande wa kushoto. Bila hiyo zamani hata mke hupewi kirahisi. Ukisikia hapo unaweza kusema aha, hawa sasa ndio wanatukuza kuua. Subiri kwanza. Hao hao wana desturi ya kuitukana nyama ya mwindaji, unaleta mnyama amenona wao wanakwambia hiki nini, mifupa mitupu, umetutoa mbali kwa ajili ya kigofu hiki? Wakamwambia Richard Lee, mtafiti aliyekuwa anaishi nao miaka ya 1960, kwamba kijana akiua nyama nyingi anaanza kujiona chifu na sisi wengine anatuona watumishi wake, kwa hiyo tunasema nyama yake haina maana ili tumpoze moyo awe mpole. Tena mwenye nyama kwao sio aliyepiga, ni mwenye mshale, na mishale wanaazimana, kwa hiyo unaweza kuua wewe akagawa bibi fulani aliyekupa mshale.

Ndio maana nasema hizi mbili zinamshika mwindaji mkono. Mtu aliyeua kiumbe kikubwa kwa mara ya kwanza amejua kitu kuhusu nguvu zake, na jamii ndogo ya watu 20 au 30 wanaolala sehemu moja wenye mishale ya sumu kila mmoja haiwezi kuruhusu mtu alewe hizo nguvu. Kwa hiyo wanamfanyia sherehe na papo hapo wanamfunga kamba.

Ila nisiwapambe Wahadzabe kupita kiasi. Epeme ina upande ambao mtu mwenye binti hawezi kuumeza hivi hivi. Nyama nzuri yenye mafuta inaliwa na wanaume kwa siri, na mwanamke akivunja mwiko anatishwa kwa ugonjwa, hata kifo. Kuna watakaosema wanawake nao wana ya kwao, wasichana wa Kihadzabe wana sherehe yao ambapo wanapaka mafuta wanavaa shanga wanawakimbiza vijana wa kiume na fimbo wanawatandika, ni kweli, lakini sherehe ya kutandika vijana siku moja na haki ya kudumu ya kula sehemu bora za kila mnyama mkubwa sio vitu vya uzito mmoja. Hapo anayetetea mila kwa jumla inabidi akubali kwamba usawa wa wale jamaa ulikuwa wa wanaume kwa wanaume kwanza.

Sasa tuje kwa Wasukuma. Msukuma na ng'ombe unajua mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 familia nyingi zilihama na mifugo kutoka kwao kwenda kusini magharibi, Rukwa na Katavi, wakafika maeneo kama Mpimbwe yanayopakana na hifadhi, na huko kuna simba. Desturi ilikuwa hivi: simba akila ng'ombe vijana wanamfuata wanamuua, na aliyemuua anahesabika yuko kwenye hatari, simba sio mnyama wa kuchezea, inabidi afanyiwe dawa asije akarukwa na akili, halafu anatoka na kundi la wachezaji wamevaa vizuri wanapita nyumba kwa nyumba kwa ndugu na majirani wanacheza, na watu wanatoa, huyu hela, huyu mbuzi, huyu ng'ombe. Ina mantiki yake kabisa. Simba aliyeuawa alikuwa anatishia mazizi ya watu wote, mmoja kahatarisha roho yake kwa ajili ya wengi, kwa hiyo wengi wanamfidia. Hakuna serikali wala bima hapo, ngoma ndio ilikuwa bima.

Kilichotokea baadaye ndio kinaniogopesha kuliko mkuki wowote. Zawadi zikawa nzuri kiasi kwamba baadhi ya vijana wakaona kumbe huyu simba ni mtaji. Watafiti waliofanya kazi huko, wakina Emily Fitzherbert, walionyesha kwamba watu walihama kutoka kulipiza kisasi wakaanza kuwinda, yaani simba hajala ng'ombe wa mtu, yuko zake ndani ya eneo la hifadhi, kijana anamfuata huko anamuua anarudi anacheza nyumba kwa nyumba kama kaokoa kijiji. Na mwenye nyumba atajuaje huyu simba alikuwa mkosaji au la? Anaona ngozi, anatoa mbuzi. Taratibu haikubadilika hata kidogo, dawa ni ile ile, nyimbo zile zile, mavazi yale yale, kilichokatika ni ile kamba kati ya malipo na sababu ya malipo.

Lakini ona waliostuka ni akina nani. Wasukuma wenyewe. Wazee na viongozi wa vijiji na sungusungu, yaani walinzi wa jadi, walianza kukasirika kwamba wanaibiwa, wanachangia mashujaa feki, wakaanza kuwabana na kuwapiga faini wachezaji ambao simba wao hana kesi. Na ule mradi wa WASIMA, Watu Simba na Mazingira, ulijengwa juu ya hiyo hasira. Hapa wahifadhi wengi wa mjini wangekosea, wangeenda na hotuba ya simba ni urithi wa dunia na utalii unaleta fedha za kigeni, mtu ambaye mtalii hajawahi kumletea hata shilingi atakusikiliza kwa adabu halafu anaenda zake. Ukimwambia unatapeliwa ng'ombe wako na kijana muongo, anakuelewa dakika hiyo hiyo.

Wabarabaig, wafugaji wengine wa Tanzania, nao wana kitu cha namna hiyo, kijana akiua simba anazungukia ndugu anapewa mifugo na wasichana wanamshangilia, na ndio maana upande wa Ruaha ile miradi ya wanyama wala nyama imehangaika sana kutafuta vijana hao hao iwaajiri kuwa walinzi. Siingii zaidi huko, mwendo ni ule ule.

Wamasai wako katikati. Olamayio, ile safari ya kumuwinda simba, haikuwa ya chakula, Mmasai kwa desturi hali nyama ya porini, ni safari ya jina. Na ilikuwa na masharti ambayo wanaosema "ushenzi" hawayajui: simba jike haguswi kwa sababu ndiye anazaa, simba mgonjwa au aliyejeruhiwa haguswi kwa sababu hakuna ushujaa hapo, na zamani sifa kubwa ilikuwa ya anayekwenda peke yake, baadaye wakaenda kwa kundi na wenyewe wanasema ni kwa sababu simba wamepungua, kundi zima likiua mmoja ni afadhali kuliko kila kijana na wake. Aliyechoma mkuki wa kwanza anapata manyoya ya shingoni avae, anapata jina la sifa analobaki nalo maisha. Malipo hapo ni jina na wasichana wanaoimba, sio ng'ombe. Ni nafuu kuliko ya Katavi? Kidogo. Tatizo la jina ni kwamba rika zima linalitaka, na Kenya nzima ilihesabu simba zaidi ya 2,500 tu kwenye sensa ya 2021. Piga hesabu ya vijana na ya simba uone kama vinaendana.

Na kuna vijana walioraruliwa na simba kwa ajili hiyo, hilo nalo watetezi wa mila wanalipita haraka. Aliyerudi na manyoya anaimbwa, yule aliyebaki kilema nani anamwimbia.

Kinachonifurahisha ni kwamba mwaka 2008 wazee walezi wa rika jipya la morani kule Amboseli walienda wenyewe kwa wahifadhi ambao baadaye wakawa shirika la Big Life kuomba wasaidiwe kuiondoa hii kitu ya kuua simba kwenye malezi ya vijana. Hawakusema tuondoe umorani, walisema tutafute kitu kingine cha kushindania. Desemba 2012 yakaanza michezo ya Olimpiki ya Wamasai pale Kimana, kawaida ni kila baada ya miaka miwili: mbio za mita 200, 800 na 5,000, kurusha mkuki, kurusha rungu kwa shabaha, na ule mruko wao wa juu, mlezi wake akiwa David Rudisha ambaye mwaka huo huo wa 2012 alitoka kuvunja rekodi ya dunia ya mita 800 London. Zawadi ya timu ni ng'ombe dume wa mbegu. Na kabla ya hapo, mwaka 2007, walishaanza Lion Guardians, morani analipwa kufuatilia nyayo za simba na kuwapa majina ya Kimasai, na waajiriwa wengine ni wale wale waliokwisha kuua. Kwa hiyo ujuzi haujatupwa, kusoma nyayo ni kule kule, ujasiri wa kumkaribia ni ule ule, na jina unalipata kijijini ila kwa kazi nyingine.

Kuna watakaonijibu kwamba hii ni kuhasi mila, mbio za mita 800 haziwezi kulingana na kusimama mbele ya simba. Kweli haziwezi, sibishi. Hofu ile haina mbadala. Nadhani wanaosema michezo ni "sawa tu" wanajidanganya, kuna kitu kimepotea na wazee walioamua hivyo walijua kinapotea, wakapima wakaona bora kipotee hicho kuliko simba waishe na rika linalofuata lisiwe na cha kushindania wala cha kusimulia. Huo ni uamuzi wa watu wazima na uzito wake unatoka kwa wao kuufanya, mimi au wewe au balozi fulani tungeusema usingesikilizwa.

Sasa upande wa watetezi wa mila una hoja moja kali ambayo sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri. Kijana wa Kitanzania akimuua simba bila kibali kwa sababu ya mila anakamatwa. Mgeni mwenye dola za kutosha anakuja na kibali cha uwindaji wa kitalii, anapiga simba dume kwa bunduki, anapiga picha ameinama juu yake anatabasamu, ngozi inasafirishwa inaenda kutundikwa ukutani, na kisheria yuko sawa. Na hao wazungu nao wana taratibu zao za mnyama wa kwanza, sio kwamba ni mambo ya Waafrika tu. Uingereza anayeanza kuwinda mbweha alikuwa anapakwa damu mashavuni, Prince Harry mwenyewe kasimulia mwaka 2023 jinsi alivyokuwa kijana akapiga kulungu wa Scotland na aliyekuwa akimwongoza akamsukuma kichwa ndani ya tumbo la yule mnyama aliyepasuliwa. Ujerumani wanamvunjia mnyama tawi wanamwekea mdomoni kama tonge la mwisho, mwindaji naye anapewa tawi avae kofiani. Hakuna aliyewaita washenzi, wanaitwa wana utamaduni wa uwindaji.

Serikali itakujibu uwindaji wa kitalii una mgao, una umri wa chini wa simba, miaka 6, una mapato yanayoendesha mapori. Majibu hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kimsingi yanasema tofauti kati ya shujaa na jangili ni risiti, na mtu anayelala na simba nje ya boma hawezi kuona haki hapo. Hasa ukikumbuka kifuta jasho na kifuta machozi, yale malipo ya serikali ya Tanzania kwa walioumizwa na wanyama, zinavyochelewa na zilivyo ndogo, na upande wa Kenya sheria ya 2013 imeandika fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, familia nyingi zimesubiri miaka.

Na kupiga marufuku peke yake tulishakuona. Wawaata wa Tsavo, wale wenye pinde ngumu ambazo mwanaume wa kawaida hawezi hata kuzivuta, walikuwa wawindaji wa tembo tangu enzi na enzi. Hifadhi ikaanzishwa 1948, mwaka 1956 na 1957 ikapigwa kampeni kubwa ya kuwasaka, wanaume wakafungwa jela, uwindaji wao ukavunjika na mengi yaliyokuwa yanauzunguka yakavunjika nao. Biashara ya pembe ilikuwa inawatumia, hilo ni kweli, hawakuwa malaika. Lakini miaka ya 1970 ujangili ulipolipuka Tsavo ulikuja na bunduki, na hapakuwa tena na wale wazee wa pinde waliojua kila njia ya tembo.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni kwamba Wahadzabe waachwe na epeme yao, ila wanawake wao wenyewe wakianza kuihoji tusiwazibe mdomo kwa jina la utamaduni. Ngoma ya simba ya Katavi ife kwa simba asiye na kesi, na kwa simba mwenye kesi basi serikali ilipe ng'ombe wa watu kwa wakati, maana ile ngoma ilikuwa inafanya kazi ambayo serikali haifanyi, na ukiiua bila kuchukua kazi yake wafugaji watahamia kwenye sumu, wanamwagia dawa mzoga, wanakufa simba, fisi, tai na mbwa wao wenyewe, na hapo hakuna hata wa kucheza.

Ya Wahadzabe ndiyo ngumu zaidi kwa kweli, na haina uhusiano na sisi kuwaruhusu au kuwakataza. Bonde la Yaeda limeingiliwa na wafugaji na mashamba, wanyama wakubwa wamepungua, japo tangu 2011 wana hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yao na wanalipwa pesa za hewa ya ukaa kwa kutunza msitu. Kijana wa leo anaweza kukua anapiga pimbi na ndege tu, asubuhi anawatembeza watalii wa Karatu na Mang'ola waone "uwindaji", jioni ana hela mfukoni na pombe iko karibu. Wengi wao wataingia epeme kwa ule mlango wa pili, wa umri. Na pofu akikosekana kabisa, sijui hao wanaume watakula nini pembeni kwa siri.